Mashimo Mawili, Nafasi Moja

Sogeeni, na mwenye chai ashike kikombe chake vizuri, maana kesi hii tutaiamua sote.

Walikuwako watu watatu katika chuo kimoja huko Mbeya. Zuwena alikuwa na sikio: mpe kelele za kutwa nzima, atakutolea humo sauti moja ya kweli. Lukelo alikuwa na hesabu. Nyamizi alizijua nyota, kuzaliwa kwake hadi kufa kwake, na maneno nayo hayakumpungukia. Miaka tisa walichambua mawimbi ya mvutano, yale yanayoutikisa ulimwengu mashimo meusi mawili, mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, yanapogongana angani na kuwa moja. Mtambo unaoyanasa uko ng'ambo. Hakuna kati yao aliyewahi kuuona.

Swali lao lilikuwa hili: mashimo hayo huzaliwa pamoja, au hukutana ukubwani?

Siku moja Zuwena alifukua wimbi ambalo yeye mwenyewe alilitupa mwaka uliotangulia, akidhani ni kelele. Aliona haya. Hata hivyo akalisafisha wiki tatu, mpaka likasikika.

Lukelo akapima jinsi kila shimo linavyozunguka. "Dada Zuwena, njoo uone! Hili limeinama kinyume na mwenzake!"

Nyamizi akacheka. "Jamani, waliolelewa nyumba moja huelekea upande mmoja. Hawa wamekutana kwenye msongamano wa nyota, kila mmoja na tabia za kwao."

"Umekuwa mshenga sasa?" Lukelo akamtania. Lakini Nyamizi aliilinganisha jozi hiyo na nyingine sitini kabla ya kuandika neno, na jibu likasimama.

Ndipo ikaja barua kutoka ng'ambo, na fomu ndani yake: mtu mmoja aende akakae mwaka mzima kwenye mtambo. Chagueni wenyewe.

Wakapiga kura. Zuwena alitamani sana kwenda, ila aliandika Lukelo. Bila vipimo, wimbi lingebaki mlio tu. Lukelo alikuwa ameandika Nyamizi. Bila maana, vipimo ni tarakimu tupu. Nyamizi naye alikuwa ameandika Zuwena. Bila wimbi, wangepima nini? Wakacheka hadi machozi. Lakini kura moja moja haikuamua kitu, na kila mmoja aliitaka safari ile.

"Dada, mkubwa ni wewe," alisema Lukelo. "Jaza jina, nasi tutaridhika."

Fomu inatakiwa saa kumi. Zuwena ameshika kalamu, na jina lake nalo limo kati ya yale matatu.

Haya, ndugu zangu: ungekuwa wewe, ungeandika nani?