Majoho ya Kwaya ya Kulesa

Lavender hakupungukiwa na kitu. Kibanda chake cha ushonaji sokoni Garsen kilikuwa na cherehani mbili na wateja wasiokauka. Rebecca, jirani yake kule Kulesa, alikuwa na cherehani moja kuukuu iliyokoroma kama punda mgonjwa. Tena mafuriko yalipoibomoa nyumba ya Lavender, ni Rebecca aliyempa chumba na kitanda mpaka maji yalipopungua.

Lakini kanisa lilipomchagua Rebecca kushona majoho ya kwaya, vigelegele vya waumini vilimchoma Lavender kama mkuki. Alicheka kwa meno, moyo ukitokota. Chakula kikamshinda. Kila cherehani ya jirani ilipokoroma, alihisi inamshonea sanda.

Majoho yalipokamilika, Lavender alingoja giza liingie na Rebecca aende mazoezini. Akausukuma mlango uliokuwa umerudishwa tu, akanyata ndani, akayafunga majoho yote kwenye leso. Vumbi la vitambaa likamkohoza.

"Lavender, mwanangu," sauti dhaifu ilitoka chumba cha pili. Alikuwa mama mzazi wa Rebecca, mgonjwa wa miguu, aliyemtambua kwa kikohozi hicho. "Umekuja kunijulia hali?"

Lavender akaganda. Hata hapo angeweza kuliweka furushi chini.

"Ndiyo, mama. Upone haraka," alijibu, akatoka nalo mbio hadi mtoni, akalitupa.

Bibi yule alipoulizwa nani aliingia, alisema kweli. Lavender akajikuta kizimbani.

"Mheshimiwa, mimi sikuvunja kitu," alijitetea. "Mlango haukuwa na kufuli."

"Sheria haiulizi kufuli," hakimu alimjibu. "Kuusukuma mlango uliofungwa ili uingie ni kuvunja. Uliingia nyumba ya mtu usiku, ukiwa na nia ya kuiba. Kifungo chake hufika miaka kumi. Hata ungeingia mchana, kingefika saba."

Rebecca alisimama akilia, akaomba jirani yake ahurumiwe. Hakimu akamtazama mshtakiwa kwa mshangao.

"Mama huyu alikukosea nini?"

Lavender akaupekua moyo wake kama mtu apekuaye kabati tupu. Alikumbuka kitanda cha wakati wa mafuriko na uji wa moto alioletewa kila asubuhi. Kosa hakuliona.

"Hakunikosea, mheshimiwa," alinong'ona, machozi yakimlenga.

Akahukumiwa miaka mitatu gerezani. Ama kweli, hasidi hana sababu.