Mbavu Zilizoachia Mfupa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wafalme na majini, maana viberiti vilikuwepo na masufuria yalikuwepo, aliishi mzee mmoja kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jina lake Ndetaramo. Mzee huyu alikuwa na migomba, alikuwa na watoto sita, alikuwa na meno manne, na alikuwa na kisu. Kiangalieni vizuri hicho kisu, kwa sababu mambo yote yanatoka hapo.

Kilikuwa kisu cha kugawia nyama. Katika ukoo ule, kila Krismasi watu walirudi nyumbani kutoka huko walikokuwa wakihangaika na maisha, nguruwe akachinjwa, na mwenye kisu ndiye aliyekata na kusema: hiki cha fulani, kile cha fulani. Ukipewa mbavu ulijua unapendwa. Ukipewa shingo ulijua kuna neno. Na hapakuwa na mtu wa kubishana na kisu.

Sasa njooni kwa Tusekile, maana hadithi hii ni yake. Tusekile alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, ameolewa na Aminieli, mtoto wa mwisho wa mzee. Krismasi yake ya kwanza ukweni alipewa heshima ya kuchoma mbavu za baba mkwe. Wifi zake wakamwelekeza jinsi nyumba ile ilivyochoma tangu enzi za babu: kuni nyingi, moto unapaa, mbavu zinatupwa juu, dakika ishirini, tayari. Naye mgeni angefanya nini? Akafanya vilevile alivyoambiwa. Mzee akauma, ikasikika ka, na jino la mbele likabaki kwenye mfupa.

Mnadhani kuna wifi aliyesema, tulimwelekeza sisi? Nyie nanyi. Tangu siku ile akabandikwa jina, Mbavu Ngumu, na Krismasi nane zilizofuata alipewa shingo, akaila jikoni juu ya kigoda wakati wenzake wanakula sebuleni. Tusekile hakulia. Lakini lilimuuma, na nisiwadanganye, lilimuuma sana, maana hakuna kitu kibaya kama kusikia watu wako wakicheka chumba cha pili na wewe huulizwi hata kama chumvi inatosha.

Basi akarudi kwake Dodoma akaanza kazi. Kila mwisho wa mwezi alinunua ubavu mzima kwa muuza kitimoto, akaupika kwenye jiko lake la mkaa uani. Aminieli alikula mbavu ngumu, akala mbavu zilizoungua, akala mbavu zilizolegea mpaka zikawa uji, na hakulalamika, kwa sababu alijua mkewe hatafuti kitoweo, anatafuta kiti. Miaka ikapita. Mwisho Tusekile akayajua mambo matatu. Akajua kwamba nyuma ya mbavu kuna ngozi nyembamba inayong'aa, na usipoibandua, hata upike mpaka kesho nyama itakaza tu. Akajua kwamba mbavu hazitaki moto mkubwa. Zinataka moto mdogo, wa chini na wa juu, kwa saa nne au tano bila mtu kufunua. Na akajua kwamba mchuzi wenye asali unapakwa mwisho kabisa, maana ukiupaka mapema unaungua na kuwa mchungu.

Ikafika Krismasi ya kumi. Siku mbili kabla, Mzee Ndetaramo akawakusanya wote, akawaonyesha mkono wake wa kulia jinsi unavyotetemeka, akaweka kisu juu ya meza. Kila mtu akamwangalia Elirehema, kifungua mimba, maana ilijulikana kwamba kisu ni chake. Lakini mzee akasema asiye na meno hawezi kufurahishwa na mambo ya nani alizaliwa kwanza.

"Nina miaka miwili sijala ubavu," alisema. "Mimi nataka mbavu za kuchoma, si supu. Atakayenipa mbavu zinazoachia mfupa bila kunisumbua meno haya manne, huyo ndiye atashika kisu. Sijali ni nani."

Aliposema sijali ni nani, Tusekile, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, aliliweka sinia chini ili asikie vizuri.

Wengine nao walijaribu, nisiwanyime haki yao. Wifi mmoja alichemsha mbavu usiku kucha, mzee akatazama sufuria akasema hiyo ni supu, peleka kwa wagonjwa. Shemeji mmoja alichoma kwa moto ule wa mababu, mzee akagusa kwa kidole tu akarudisha sahani. Ikabaki siku yenyewe, na Tusekile.

Asubuhi ya Krismasi alishika ubavu wake, akaingiza mpini wa kijiko chini ya ile ngozi, akaikamata kwa kitambaa kikavu, akaivuta ikatoka yote kwa mara moja. Wifi zake wakatazamana. Miaka yote hiyo hawakujua kwamba kuna kitu pale cha kuvuta. Akapaka chumvi, pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu. Akatandika majani ya mgomba ndani ya sufuria kubwa, akalaza mbavu, akatia maji kidogo, akafunika kwa majani mengine na mfuniko, akaweka makaa machache chini na kupalia machache juu. Ilikuwa saa tatu.

Na saa nne mtoto wake mchanga alikuwa anabatizwa.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtoto habatizwi bila mama yake, na ibada ya Krismasi kule mlimani ni ndefu. Moto ule ulitaka mtu wa kuukalia, kuongeza kaa moja hapa, kupunguza moja pale. Wifi zake wote walikuwa na nguo mpya na safari ya kanisani. Tusekile akasimama katikati ya uwanja na mtoto mgongoni, hajui aende au abaki.

"Nenda, shemeji," alisema mtu nyuma yake. "Moto nitaukalia mimi."

Alikuwa Elirehema. Ndiyo, huyohuyo kifungua mimba. Jamani, fikirini kidogo. Huyu ndiye ambaye mbavu zile zikiharibika, kisu kinamrudia chenyewe. Alihitaji kufanya nini? Kuongeza makaa matano tu na kupiga miayo. Tena Elirehema alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa, na kwa Krismasi ishirini na mbili hajawahi kukosa. Tusekile alimtazama machoni, hakuona kitu cha kumwonyesha nia yake. Akamweleza kaa ngapi chini na kaa ngapi juu, akamwomba asifunue, akaenda.

Kanisani hakusikia mahubiri. Bendi ilipoanza kupiga, watu waligeuza shingo, maana ile tarumbeta ya mbele, inayopanda juu kuliko zote, haikuwepo. Tusekile peke yake alijua iko wapi. Alimshika mwanawe wakati maji yanamwagwa kichwani, akaomba kwa ajili ya mtoto, na Mungu amsamehe, akaomba pia kwa ajili ya mbavu.

Aliporudi saa nane alikimbia mpaka jikoni. Elirehema alikuwa amekaa palepale alipomwacha, macho mekundu kwa moshi, suti ya Krismasi imejaa majivu. Pembeni yake alikaa mama mkwe, Bibi Nsia, na mbele ya Bibi Nsia kibuyu kilikuwa kimelazwa chini, kitupu.

Tusekile alikijua kibuyu kile. Bibi Nsia hupika pombe ya mbege kwa mkono wake, ndizi na ulezi, siku saba, kwa ajili ya kaka zake wawili. Kila Krismasi kaka hao hushuka kutoka kwao kuja kumsalimia dada yao, na yeye huwapa kata ya kwanza. Kwake hiyo ndiyo siku moja katika mwaka ambayo anakuwa mtoto wa watu, si mke wa mtu.

Wakamsimulia. Mnamo saa saba, Elirehema alisikia sufuria imebadilisha sauti. Ule mchemko wa taratibu umekwisha, sasa inakaangika. Maji yalikuwa yamekauka. Akakimbilia bombani, maji yamekatika tangu asubuhi. Akaangalia ndoo, wageni wamenawia yote. Mtoni ni nusu saa kwenda na kurudi, na mbavu hazina nusu saa. Bibi Nsia alitoka ndani na kibuyu chake. Akainua mfuniko, akamimina mbege yote, kibuyu kizima, akafunika. Kaka zake walipofika walipewa maziwa. Mmoja aliondoka bila kuaga.

Tusekile alisikiliza, halafu akafunua.

Harufu iliyotoka pale sina maneno nayo. Ile pombe ilikuwa imeingia ndani ya nyama kwa uchachu wake na utamu wake, na mbavu zilikuwa zimelegea lakini zimeshikana. Akazitoa kwa mikono miwili kama mtu anavyomtoa mtoto kwenye karai. Akaziweka juu ya wavu kwenye makaa yanayowaka vizuri, akapaka mchuzi wake wa nyanya, ukwaju, asali na pilipili, akageuza, akapaka tena, mpaka zikang'aa na kingo zikashika rangi nyeusi kidogo. Akaziacha zipumzike. Akazipeleka sebuleni mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akavuka ule mlango na sahani ya nyama.

Watu wote walikuwepo. Mzee alishika ubavu mmoja kwa mkono unaotetemeka, akaupeleka mdomoni, akavuta kidogo tu. Nyama ikaja yote. Mfupa ukabaki mkononi mwake, mweupe, mkavu. Akautazama. Akala. Akachukua wa pili, ukaja vilevile. Wa tatu, vilevile. Akaipanga mifupa mitatu juu ya meza, halafu yule mzee aliyejulikana kwa ukali akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Wale wifi waliompa jina ndio waliopiga vya juu kuliko wote.

"Mkwe wangu, kaa hapa," mzee alisema, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. Tusekile akakaa. Alikuwa na furaha mpaka mikono haijui pa kuwekwa, na mimi ningekuwepo ningelia naye.

Kisha mzee akachukua kisu, akamwelekezea mpini.

Angeupokea, hadithi ingeishia hapa na mngeenda kulala. Lakini Tusekile hakuupokea haraka. Alikitaka kile kisu kuliko kitu chochote. Hata hivyo akasema mbele ya wote kwamba saa tano za moto si zake, na mbege si yake. Mzee akarudisha kisu mezani, akawaita wale wawili, akataka kila mmoja aseme lake bila unafiki.

Tusekile akaanza. "Baba, nilitukanwa kwa kosa la kuelekezwa. Nikajifunza miaka tisa, peke yangu. Ile ngozi nimeibandua mimi, mchuzi ni wangu, moto nimeupima mimi. Bila mimi hawa wangekuwa wanakalia moto wa kitu gani? Kisu nakitaka, sitasema uongo."

Elirehema akafuata, anafuta majivu kwenye suti. "Mimi kisu kilikuwa changu tangu nazaliwa. Nilikaa saa tano nikilinda chakula cha kuninyang'anya kisu hicho. Ningepunguza bidii kidogo tu, hakuna ambaye angejua. Leo bendi imepiga bila mimi. Anayegawa nyama ya watu anatakiwa awe mtu wa kuaminiwa hata asipoonekana. Kama mimi si huyo, nionyesheni mwingine."

Bibi Nsia akasema wa mwisho, taratibu. "Kujua kwao na uaminifu wao vilikuwa vinaungua ndani ya sufuria. Mimi ndiye niliyevitoa. Hata huo ulaini mnaousifu ni mbege yangu. Nimegawiwa nyama katika nyumba hii miaka hamsini, na leo nimewaaibisha ndugu zangu kwa ajili yenu. Kisu hicho sijawahi hata kukiosha."

Aminieli akamtazama mkewe, akamtazama kaka yake, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa. Mzee Ndetaramo akashika kisu, akakiweka, akakishika tena.

Sasa nawageukia ninyi mliokaa mkinisikiliza na mate yakiwadondoka. Asiniambie mtu kwamba washike kwa zamu, maana mzee alisema mmoja. Na asiniambie mtu kwamba kikatwe vitatu. Mpini ni mmoja, sinia liko mezani, watu arobaini wanasubiri kugawiwa, na mbavu zinapoa.

Je, ungekuwa wewe ndiye mzee yule, ungemwelekezea nani mpini: aliyejua, aliyelinda, au aliyetoa?