Kibwaya cha Anayeshika Mkia

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Tembo hajajua kucheza ngoma, wanyama wote walicheza mpira katika ligi moja. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, maana hadithi hii haipendi kelele za meno.

Ng'ambo ya mto walikaa wakubwa: Tembo, Kifaru, Kiboko na Nyati, kila mmoja na timu yake ya ndugu na jamaa. Walikuwa na viwanja vya nyasi laini, na kivuli cha kupumzikia. Ng'ambo ya huku walikaa wadogo, na timu yao iliitwa Vichuguuni. Digidigi alikuwa mshambuliaji, Kobe alikaa golini, na mwenyekiti wa timu, ambaye ndiye pia mpiga ngoma wa washabiki, alikuwa Bi Nguchiro, mama mfupi mwenye watoto wengi, na maneno mengi kuliko watoto.

Sasa ligi hiyo ilikuwa na mila yake. Timu iliyoshika mkia mwisho wa msimu, mkuu wake alivaa kiunoni kibwaya cha majani makavu ya mgomba siku ya karamu, akacheza mbele ya wote huku akizomewa, kisha akafagia uwanja. Na tangu ligi ianze, aliyekivaa alikuwa ni huyo huyo Bi Nguchiro. Lakini alikicheza, jamani! Alikata kiuno mpaka majani yakalia chwa-chwa-chwa, na waliokuja kumzomea wakaishia kumpigia makofi. Nyumbani alikitundika ukutani juu ya sufuria zake.

Miaka yote hiyo wadogo ndio waliovuka mto kwenda kucheza, kwa sababu kwao hapakuwa na uwanja. Basi kiangazi hicho waling'oa visiki, wakabeba mawe kwa meno, wakasawazisha vichuguu, mpaka wakapata uwanja wao wenyewe. Kwa mara ya kwanza wakubwa wangekuja kwao. Bi Nguchiro alikuwa amewamba ngoma mpya kwa ajili ya siku hiyo. Ngozi ya nani, msiniulize. Kila asubuhi alikwenda kuutazama ule uwanja, na moyo ukamjaa.

Ndipo Ngedere alipofika mbio kijiweni kwenye kahawa, amevaa jezi ya Tembo aliyoiokota mtoni, inaburuza chini. Akatangaza habari. Wakubwa wamejitoa. Wameunda ligi yao, Ligi ya Vigogo, wanacheza wao kwa wao tu, na wameizungushia ua. Humo hakuna kupanda wala kushuka, na mdogo haingii hata akifunga mabao mia.

Kijiwe kikawaka moto. Wengine walitaka kuchoma jezi, wengine walitaka waende wakapige magoti. Kobe, kwa sauti yake ya taratibu, alisema kwamba mpira ambao hakuna anayeogopa kushuka, hata kushangilia kwake ni kujichosha. Ngedere akamtetea Tembo kufa na kupona.

"Sisi ni timu kubwa," alisema. "Tucheze na akina Kobe mpaka lini?"

"Sisi nani?" akauliza Bi Nguchiro. "Wewe na Tembo mmekula sahani moja lini?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anaufikiria uwanja wake, ambao sasa ungeota magugu bila hata unyayo mmoja wa Tembo. Akanywa kahawa yake mpaka mashapo, akaweka kikombe chini, akasema anakwenda kuwapongeza wakubwa. Wenzake waliona sasa mama huyu amechanganyikiwa.

Alivuka mto na kibwaya kichwani, akawakuta vigogo wanne kikaoni.

"Hodi. Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," alisema Tembo. "Kama umekuja kulia, lia upesi, tuna kikao."

"Kulia kwa lipi, Bwana Mkubwa? Nimekuja kutoa pongezi, na kuwaletea mila yenu mliyoisahau." Akakitua kibwaya chini, chwa. "Ligi kubwa namna hii itakosaje karamu? Na karamu bila mwenye kibwaya ni msiba."

Wakubwa walitazama yale majani. Kiboko akakohoa, akauliza kama ni lazima. Bi Nguchiro akasema la, si lazima hata kidogo, kama wazee wanaogopa yeye atakirudisha nyumbani, na watu wakiuliza atawaambia wazee wameogopa majani ya mgomba.

"Nani anaogopa?" Tembo akanguruma. "Mila ibaki. Na atakayekimbia ligi, au kukacha mechi, kibwaya chake!"

Wakaapa wote wanne. Walicheka sana siku hiyo, wanangu, kwa sababu kila mmoja aliona kile kibwaya kwenye kiuno cha mwenzake. Ndivyo walivyo wenye kiburi, macho yao hayafiki kwenye viuno vyao.

Kesho yake Bi Nguchiro akarudi na kamba. Alianza kwa Kifaru, akamkuta mazoezini, akaanza kumzungushia kamba kiunoni bila hata kumuuliza.

"Unafanya nini wewe?"

"Nachukua vipimo, baba. Kile cha kwangu ni kidogo, hakitakutosha."

"Mbona umeanza na mimi?"

"Mimi fundi tu, baba. Maneno ya watu siyabebi. Hebu nyoosha mgongo."

"Watu gani? Wamesema nini?"

Bi Nguchiro akafunga fundo kwenye kamba, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Kwa Kiboko alisema maneno yale yale. Kwa Nyati vilevile. Kwa Tembo kamba haikutosha, ikabidi aiunganishe na mzabibu mwitu, na kila alipozunguka nyuma yake aliguna kidogo tu, "Mh," kama mtu aliyesikia jambo lakini hasemi. Tembo alicheka kwa sauti kubwa. Ila siku hiyo chakula chake alikiacha nusu.

Ligi ya Vigogo ikaanza. Ngedere akavuka mto alfajiri na jezi yake, ameshajipaka rangi usoni. Jioni akarudi kijiweni, akaketi, akaficha kichwa ndani ya jezi.

Walimbembeleza mpaka akaeleza. Kifaru na jamaa zake wote walisimama golini kwao wanalinda. Kiboko na jamaa zake wote walisimama golini kwao wanalinda. Mpira ukabaki katikati ya uwanja peke yake. Kila mmoja aliogopa kwamba akienda mbele, nyuma patabaki wazi, atafungwa, na aliyefungwa ndiye mwenye kibwaya. Baadaye njiwa akaja, akatua juu ya mpira, akalala.

"Sasa wewe ulishangilia nini?" wakamuuliza.

"Nilimshangilia njiwa," akasema Ngedere, akavua jezi, akaitumia kujifutia ile rangi.

Mechi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Zote suluhu, bila bao. Nyasi zikaota pembeni ya mpira. Wakubwa wakaanza kutiliana shaka: Nyati akamtuhumu Kifaru, Kifaru akamnunia Kiboko, na Tembo hakumwamini hata ndugu yake. Washabiki wakavuka mto mmoja mmoja, wakarudi kuwatazama wadogo wakicheza wenyewe kwa wenyewe kwenye uwanja wao wa vumbi. Bi Nguchiro aliwapokea wote, hakumsimanga hata mmoja. Isipokuwa Ngedere. Huyo alimsimanga kila siku.

Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, msimu ukiwa umebakiza nafasi ya mechi moja tu, ardhi ya Vichuguuni ikatetemeka, ti! ti! ti! Tembo alikuwa anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Alisimama mbele ya nyumba ya Bi Nguchiro, akazungumza habari za hali ya hewa, akasifu watoto, akasifu sufuria. Mwishowe akasema wamekaa kikao, na wameona wawarudishe wadogo ligini.

"Kwa nini, Bwana Mkubwa?"

"Ligi inahitaji watu wa aina yenu."

"Aina ya kushika mkia."

Tembo akatazama chini. Bi Nguchiro alimwacha atazame chini kwa muda wa kutosha, maana siku za namna hiyo hazitokei mara nyingi. Kisha akamwambia wamekubali, kwa masharti. Ua uvunjwe, ligi iwe moja kama zamani, anayeshinda apande na anayeshindwa ashuke. Mila ibaki palepale. Na hiyo mechi moja iliyobaki, timu ya Tembo ije icheze hapa, Vichuguuni.

Tembo alikubali haraka haraka, akaondoka anacheka moyoni. Mechi moja tu na vijidudu hivi, na kibwaya kinarudi kwa mwenyewe!

Kobe akaja kwa Bi Nguchiro, shingo yote nje kwa wasiwasi. Akasema ligi inahesabu mabao, na wenzao wote wana suluhu tupu, kwa hiyo atakayefungwa siku hiyo ndiye mwenye mkia, moja kwa moja. Na wanaocheza na Tembo ni wao.

"Kweli," alisema Bi Nguchiro. "Na sisi tukifungwa, itakuwaje?"

"Utavaa kibwaya."

"Nimeshakivaa miaka yote, Kobe. Kiliniua? Hiyo hofu waachie wenyewe."

Siku ikafika. Wanyama walijaa mpaka juu ya miti. Bi Nguchiro akainyanyua ngoma yake mpya. Uwanja ule ulikuwa jasho lao wote, na Tembo alikuwa amesimama juu yake kweli. Akapiga. Ndi! Ndi! Ndindindi!

Tembo na ndugu zake wakakimbilia golini kwao wote, wakasimama, ukuta mtupu wa miguu. Wadogo wakaenda mbele wote. Walipiga mashuti, yakagonga miguu, yakarudi, wakapiga tena, hawana cha kupoteza. Hata Kobe aliacha goli lake akaanza safari ya kwenda kushambulia, na mpaka mapumziko alikuwa amefika katikati ya uwanja.

Kipindi cha pili vumbi likatimka. Tembo alipoona wadogo wanamjia kutoka kila upande, akakumbuka ile kamba kiunoni mwake, na yale maguno. Mh. Akarudi nyuma hatua, akarudi tena, akaisukuma familia yake yote ndani ya nyavu, akatanua miguu azuie kila kitu. Digidigi akaona mlango. Akampiga tobo. Mpira ukapita kati ya miguu ya mbele, ukapita kati ya miguu ya nyuma, ukajikunja wavuni taratibu kama mtu anayelala kwake.

Uwanja ukalipuka. Ngedere alijikuta yuko juu ya mgongo wa Kobe anacheza, hajui alifikaje. Bi Nguchiro alipiga ngoma huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Kipenga kikalia, na mvua ya kwanza ikaanza kudondoka.

Basi Bi Nguchiro akaingia nyumbani kwake, akatoka na kibwaya kipya, kikubwa kama paa la nyumba. Akamfunga Tembo kiunoni. Kilimkaa barabara, hakikupungua wala kuzidi.

"Umekishona lini?" akauliza Tembo, sauti imekwisha.

"Zamani. Siku niliyokupima."

"Kwa hiyo ulijua ni mimi?"

"Sikujua," alisema Bi Nguchiro. "Cha Kifaru kipo ndani. Cha Kiboko kipo, cha Nyati kipo, na changu kipo ukutani. Katika ligi ya kweli, Bwana Mkubwa, kila mtu ana chake."

Kifaru, Kiboko na Nyati waliokuwa wanacheka pembeni wakajishika viuno.

Tembo alisimama katikati ya uwanja, masikio yamelala, hajui aanze na mguu upi. Bi Nguchiro akakimbia kukitoa kibwaya chake juu ya sufuria, akakivaa, akaja akasimama kando yake, akamkabidhi Digidigi ngoma. "Nifuate mimi," akamwambia. "Kiuno kwanza, aibu itafuata yenyewe." Tembo akajaribu. Majani yakalia chwa. Akajaribu tena. Chwa-chwa-chwa, mkubwa na mdogo, mpaka waliokuja kuzomea wakaanza kupiga makofi, kisha Tembo akachukua ufagio kwa mkonga wake akafagia uwanja wote wa Vichuguuni, kona kwa kona.

Hadithi yangu imefagiwa na uwanja umekwisha. Nanyi mkikua mkawa wakubwa, kumbukeni: ukiwafukuza wote walio chini yako, wa chini ni wewe.