Mkaja wa Salha

Alhamisi, tarehe saba Machi, saa nne asubuhi, mke wangu Mwantumu alianguka uani akiwa na ungo wa mchele mkononi. Alipozinduka, kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno yote, kikamwachia moja tu: kaya.

Kaeni vizuri niwaeleze taratibu, maana mwisho nitawauliza jambo, na nataka jibu.

Kambini kwetu, kwenye mashamba ya mkonge, wamechanganyika watu wa kila lugha. Mke wangu alikuwa na mashoga watatu. Mama Sekiteke, Mzigua, alijaliwa mikono: ukuta aliokandika yeye haupasuki. Mejumaa, Mdigo, alijaliwa ulimi: akimbembeleza mtu aliyenuna, atacheka hata kama hataki. Bi Nunu, Mswahili wa Pangani, alijaliwa chungu: ukipita mlangoni kwake una njaa, hupiti.

Mwantumu alilazwa hospitali ya mjini, akakataa chakula, akawa anaishi kwa dripu. Ukimpelekea kijiko anageuza uso, anasema, "Kaya." Na binti yetu Salha alikuwa ameshachumbiwa. Kila siku alipiga magoti kando ya kitanda akiomba radhi ya mama yake, asipate mkono wala neno.

"Baba," akaniambia, "mama akiondoka hajanipa radhi, mimi siolewi."

Nikawauliza wale mashoga watatu: mwenzenu anataka nini?

"Kwetu kaya ni nyumbani," akasema Mama Sekiteke. "Anataka kwao."

"Kwenu hivyo!" Mejumaa akadakia. "Kwetu kaya ni msitu wa wazee. Unavua viatu, na kinyongo unakiacha nje. Huyu ana kinyongo, anataka kukitua."

"Nyie Wadigo kila kitu msitu."

"Na nyie Wazigua mkipata mafua mnataka kurudi kwenu, hata mkiwa kwenu!"

Bi Nunu akacheka. "Kiswahili chepesi, mashoga zangu. Kaya ni wanaokula chungu kimoja."

"Mswahili huyo! Hana kwao, ana chungu tu," wakamjibu wote wawili.

Mama yake Mwantumu alikuwa Mzigua, baba yake Mdigo, na mimi mumewe nimeishi naye kwa Kiswahili. Lugha zetu ni ndugu. Neno ni lile lile, kila ukoo umelilea kwa namna yake. Sikuweza kusema nani kakosea, na mpaka leo nasema hakuna aliyekosea.

Mama Sekiteke hakungoja. Alikwenda Handeni, kwenye nyumba ya mama yake Mwantumu, iliyofungwa tangu bibi yule afariki. Mchwa walikuwa wamekula mlango. Akakanyaga udongo kwa miguu yake, akakandika kuta, akaezeka upya, akafagia. Kisha akawaganda madaktari mpaka wakaturuhusu. Tulipomwingiza Mwantumu ndani, alitazama boriti za mama yake, uso ukalegea, akalala usingizi ambao hospitali hakuupata. Alipoamka, akakataa chakula. "Kaya."

Mejumaa akapanda basi kwenda Duga, kwa Mebakari, dada yake Mwantumu. Ndugu hawa walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya baba yao, walipogombania azikwe wapi. Mebakari akamfungia mlango. Mejumaa akakaa kibarazani, akaanza kuzungumza na ule mlango kwa sauti: "Ewe mlango, mwenyeji wako kafundwa na nani? Mgeni katoka mbali, hata maji hapewi!" Majirani wakajaa, wakicheka. Mwishowe Mebakari akatoka, anacheka na kulia. Akaja Handeni. Akavua viatu mlangoni, akaweka paji la uso juu ya mkono wa mdogo wake. Mwantumu akatokwa na machozi, akanywa maji. Chakula hakukigusa.

Bi Nunu naye alikuwa amekuja Handeni, akitutazama tunavyoishi. Mimi nilikula nyuma ya nyumba. Salha alikula kwa jirani, Mebakari chumbani na bakuli lake, na mgonjwa alipelekewa uji wake peke yake.

"Hii si nyumba," akasema Bi Nunu, "hii stendi."

Akatandika mkeka kando ya kitanda. Akapika bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, akatukusanya sote kwenye sinia moja. "Hainuki mtu." Akamega tonge dogo, akalilainisha kwa mchuzi, akamkabidhi Salha. Mwantumu akafumbua kinywa.

Tangu siku hiyo alikula. Jioni moja alimwekea Salha mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu. Ndiyo radhi yake. Baada ya siku chache akafariki, alfajiri, tukimsomea Yasini. Hakufa ugenini, hakufa na kinyongo, hakufa na njaa. Alhamdulillahi.

Sasa harusi ni Ijumaa ijayo. Upande wa bwana harusi wataleta mkaja, nguo ya kumshukuru mama aliyejifunga tumbo baada ya kumzaa bibi harusi. Atakayeupokea atakaa mahali pa Mwantumu, na Salha atamwita mama maisha yake yote. Mebakari amejitoa. "Mimi niliyenuna miaka yote hiyo, nipokee kwa uso gani? Mpeni mmoja wa hawa."

Jana niliwakalisha mashoga wote watatu.

"Bila nyumba, Mebakari angevua viatu wapi?" akauliza Mama Sekiteke.

"Nyumba bila ndugu ni kuta," akasema Mejumaa. "Ulikuwa umemkandikia kaburi zuri, basi."

"Mmempa nyumba, mmempa ndugu, na bado alikuwa anakufa njaa," akasema Bi Nunu. "Nani alimfumbua kinywa?"

"Mwanawe!" akadakia Mejumaa. "Wewe ulishika mwiko tu."

Wakacheka, lakini hakuna aliyerudi nyuma. Salha ananiambia hawezi kuchagua, maana akichagua mama mmoja amewakataa wawili. Na mkaja haukatwi vipande. Ukikatwa ni matambara.

Siwaulizi Mwantumu alikusudia kaya ipi. Hilo amekwenda nalo, na anayelijua ni Mola. Nimeswali istikhara, nikamwomba aniongoze, na Ijumaa nitatamka jina bila kusita. Lakini kabla ya hapo nataka kuwasikia. Mama Sekiteke aliyemrudisha kwao, Mejumaa aliyemrudishia nduguye, au Bi Nunu aliyemketisha na watu wake: ungekuwa wewe ndiye baba wa Salha, mkaja ungemkabidhi nani?

Fikirini. Na mnapofikiri, niitikieni dua hii: Ewe Mola, mrehemu Mwantumu, lipanue kaburi lake, litie nuru, wala usimwache humo na upweke. Amin.