Jiwe Lililooshwa

Wapendwa, sogeeni huku mbele, nafasi ipo. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe papo hapo, hatugombi. Nina mfano mmoja tu, na ni wa jiwe.

Walikuwako ndugu wawili wa tumbo moja, wanawake, katika kijiji cha wachimba vito. Mama yao alikuwa na jiwe la yakuti, la buluu, limechongwa vizuri, dogo kama punje ya hindi. Alilitunza ndani ya kopo la mafuta ya kupaka, juu ya pamba. Lilikuwa na ila moja: katikati yake palikuwa na doa jeusi, kama inzi aliyezama kwenye maji. Mama alipokuwa anaiaga dunia akamwambia binti mkubwa, "Hili ni la mdogo wako. Siku akiolewa, mpe."

Mkubwa akalitunza. Siku ya mdogo kufundwa, akaja na lile kopo mbele ya mashangazi wote. Mdogo akafungua. Jiwe linang'aa kama maji ya mtungini, lakini doa halipo.

"Dada, doa la mama liko wapi?"

"Nililipeleka likaoshwa."

"Doa la ndani ya jiwe, dada? Mlitumia sabuni gani?"

Mashangazi wakaangua kicheko. Nanyi mnakijua kicheko cha mashangazi, kikishatoka hakirudi mdomoni. Tangu siku ile dada mtu akaitwa Mama Sabuni. Kisimani, Mama Sabuni. Gulioni, Mama Sabuni. Mdogo akaamini moyoni kwamba jiwe la mama limeuzwa, naye amepewa kipande cha chupa. Na yule dada? Hakujibu neno. Kwetu mtu asipojibu, tunamjibia.

Wakakaa hivyo miaka sita. Nyumba zimepakana, moshi wa jiko la huyu unaingia kwa yule, na salamu hakuna.

Ikafika siku akina mama wa kanisa wakamchagua dada mtu awe kiongozi wao. Mdogo akasimama katikati ya kikao, kanga kaikaza kiunoni. "Aliyemwibia marehemu mama yake ndiye atuongoze sisi?"

Mzee wa kanisa akavua miwani. "Mama, neno hilo ni zito. Lete ushahidi Jumapili. Ukiuleta, dada yako atatengwa na Meza ya Bwana."

Basi Ijumaa asubuhi mdogo akalichukua lile kopo, akafunga safari hadi mjini, kwa mzee mmoja mpima mawe. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno atakayoyasema Jumapili, na kila alipofika kwenye neno "chupa" aliuona utamu wake ulimini.

Yule mzee alikuwa na taa ndogo, na juu ya taa vioo viwili vyeusi, kimoja juu ya kingine, vimeachana kidogo.

"Hivi vioo ni vya nini, baba?"

"Mama, umewahi kupitisha mwiko kwenye uzio wa fito? Fito zikisimama, mwiko uliosimama unapita. Fito zikilala, mwiko unakwama. Nuru nayo ni hivyo hivyo. Kioo cha chini kinaipitisha ile iliyosimama tu. Cha juu nimekilaza. Ikifika pale inakwama, unaona giza."

"Na jiwe likikaa katikati?"

"Jiwe hili la kwenu, kama ni la kweli, litaikamata nuru njiani na kuipinda, ndipo nyingine itapenya. Chupa haina habari. Ukiigeuza hivi, ukiigeuza vile, giza."

Akaliweka jiwe. Wote wawili wakainama, wakatazama. Giza tupu.

Mdogo akapiga kofi. "Nilijua! Niandikie barua, baba, niandikie nirudi nayo!"

"Tulia, mama. Hata la kweli likikaa mkao mmoja huwa giza. Sijaligeuza bado."

Akaligeuza polepole kwa ncha ya kidole. Jiwe likawaka. Akageuza tena, likazima. Likawaka, likazima. Mzunguko mmoja, mara nne nuru na mara nne giza. "Si chupa, mama," akasema mzee.

Mzee akachukua lensi, akatazama kwa muda mrefu. "Ahaa," akasema. "Hili limeoshwa."

"Limefanywaje?"

"Limeoshwa. Sisi wa mawe ndivyo tunavyosema. Lilikuwa na doa ndani. Wakalipiga mwali wa leza, mwembamba kuliko unywele, ukatoboa njia hadi kwenye doa, likaunguzwa pale pale. Kwa macho ya kawaida huoni kitu. Lakini tazama hapa, kwenye nuru hii. Kando ya ile njia rangi zimevurugika. Jiwe liliumia pale, na bado linakumbuka. Aliyekupelekea, mama, alikupenda. Kazi hii hufanywa mbali, tena mtu hujinyima."

Hapo mdogo akakumbuka cherehani. Cherehani ya dada yake, iliyokuwa barazani miaka yote, ikatoweka miezi michache kabla ya harusi. Naye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu, "Kala jiwe, kala na cherehani."

Alirudi na lile kopo mapajani. Akapita daraja la mto. Angeweza kulitupa jiwe pale, akasema mpima mawe hakumkuta. Nani angejua? Alisimama darajani hadi miguu ikamuuma, kisha akaendelea.

Jumapili ikafika. Mzee wa kanisa akauliza, "Ushahidi umeuleta?"

"Nimeuleta."

Dada mtu akainamisha kichwa, akajivutia kanga usoni.

"Jiwe ni la mama," akasema mdogo. "Limeoshwa, kama alivyosema. Na hilo jina la Sabuni ni langu, mimi ndiye niliyelitunga. Nirudishieni." Kisha akamgeukia dada yake. "Dada, mbona hukunieleza?"

"Uliuliza ili wacheke, mdogo wangu. Siku ungeuliza ili ujue, ningekueleza."

Dada mtu akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi kando yake. "Haya, Sabuni, njoo ukae. Leo tuna masufuria mengi ya kuosha."

Sasa, sisi. Nani kati yetu hana mtu aliyemtazama mkao mmoja, akapiga kofi na kusema, "Nilijua"? Mkwe wako alipita bila kusalimu, ukamwandikia barua yake hapo hapo. Je, ulimgeuza? Ulijua alikuwa anatoka wapi, na macho yake yalikuwa yameona nini asubuhi ile? Wengine humu ndani wameumia kwa ajili yetu, na kovu lao haliko mahali pa kuonekana kwa macho haya ya sokoni. Tumewapa majina, nao wameitika.

Mimi linaloniuma ni lile giza. Yule mwanamke alilitazama jiwe, akaona giza, akadhani giza ni la jiwe. Kumbe lilikuwa la vioo. Kimoja kimesimama, kingine kimelazwa, na hapo hata nuru njema haipiti. Wapendwa, vioo vyetu tumevipanga wenyewe.

Na kama Mungu angetuhukumu kwa mkao wetu wa kwanza, nani angekuwa ameketi humu leo?

Nimemaliza. Mwenye ndugu, akitoka hapa aende akamuulize. Ila aulize ili ajue.