Kifurushi cha Mpishi wa Hekaluni

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga maua kwenye hekalu la Wabudha, katika nchi ya mbali ambako watu hula wali wa nazi kama sisi. Msinikodolee macho. Sijasema tuhame dini. Nimesema sikilizeni.

Hekalu lile lilikuwa na jiko, na jiko lilikuwa na mpishi, mjane mmoja mnene, mcheshi, akicheka hata sufuria zinaitika. Watawa wa pale hula kabla ya jua la utosi. Likishapita, hawatii kitu mdomoni mpaka kesho. Kwa hiyo kunapambazuka tu mjane yuko motoni, mpanga maua yuko kizingitini anachambua mayungiyungi, na midomo yao haipumziki. Fulani kaposwa. Fulani kaachwa. Walikuwa mashoga tangu wana meno ya utoto.

Sasa, watawa wakishakula, wali unaobaki hupewa maskini wa langoni. Ni sadaka ile, haina mwenyewe mwingine. Siku moja mpanga maua akamwona mjane anatokea mlango wa uani, kifurushi cha kitambaa cha kijani kwapani, anatazama kushoto, anatazama kulia, huyoo! Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Kulikuwa na ugumu gani kumwuliza? "Shoga, umebeba nini?" Maneno matatu tu. Hakuuliza. Alijiambia kwamba anamwonea mwenzake haya. Uongo! Kweli yenyewe ni kwamba angeuliza angejibiwa, na akishajibiwa habari imekwisha. Na habari ilikuwa tamu.

Akaipeleka bombani.

"Mwenzangu, mie sisemi kitu," akamwambia jirani yake aliyekuwa anakinga maji, "ila maskini wa langoni siku hizi wanaambulia ukoko."

"Weee! Anabeba?"

"Nimekwambia sisemi."

Ndoo haijajaa, mtaa mzima umejua.

Pale hekaluni kuna desturi moja. Miezi ya mvua watawa hawasafiri, hukaa pamoja. Mvua zikikatika, kila mmoja, awe mkubwa awe mdogo, hupiga magoti mbele ya wenzake akawaomba wamwambie kosa lolote waliloliona kwake. Wanawake waliokuwa wakisaidia kazi za hekaluni wakaipenda desturi ile, nao wakawa wanafanya ya kwao uani, juu ya mkeka.

Mwaka ule zamu ya mjane ikafika. Akaketi, akakutanisha viganja.

"Dada zangu, tumekaa mvua nzima pamoja. Mlichokiona kwangu, mlichokisikia, hata mlichokidhania tu, niambieni kwa huruma, nijirekebishe."

Wanawake kumi na mmoja. Mmoja akajikuna shingo. Mwingine ghafla akaona uzi umechomoza kwenye nguo yake, akaanza kuushughulikia kama ndiyo kazi aliyoitiwa.

Mjane akamgeukia mpanga maua. "Hata wewe, shoga, huna neno?"

"Neno gani tena?" mpanga maua akacheka. "Anayekutafutia kosa wewe, huyo amekosa kazi."

Mjane akainuka uso unang'aa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Siku ya tatu akaenda sokoni. Akachagua mabamia, akauliza bei. Muuza mboga akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe na wewe hununua? Sisi tunasikia kwako kunaliwa kwa kifurushi." Waliosimama pale wakacheka kile kicheko cha watu wanaojua.

Alikwenda moja kwa moja kwa mpanga maua. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilikaa mkekani nikakutazama wewe."

"Niliona haya, shoga."

"Kuniambia mimi uliona haya. Kuwaambia wao je?"

Mpanga maua akainamia maua yake. Hata saa ile angeweza kuuliza. Mwenzake yuko mbele yake, mzima, anahema. Hakuuliza. Mjane akaweka ufunguo wa ghala kizingitini, akaenda kukaa kwa bintiye, huko milimani kwenye mashamba ya chai.

Akaja mpishi mwingine. Mchuzi ukawa maji. Watawa hawakusema, wao hula wanachopewa. Lakini mpanga maua alichambua maua pale kizingitini hana wa kumwambia nani kaposwa, na lile swali limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mvua zikaja, zikakatika. Hakuweza tena. Akapanda basi akamfuata mwenzake.

Akamkuta binti peke yake.

"Mama tumemzika mwezi uliopita."

Mpanga maua akakaa chini, pale pale kwenye udongo. Baadaye, kwa sauti ndogo, akauliza, "Hakukwambia alikuwa akibeba nini?"

"Kubeba? Kutoka wapi, mama?"

Akarudi na swali lake.

Ehe, naona shingo zilivyorefuka. Kifurushi kilikuwa na nini? Wali? Dawa za ugonjwa aliouficha? Nguo chafu tu? Hakuna ajuaye. Aliyejua amefukiwa, na akiwa hai aliketi mkekani akaomba aambiwe. Na tazameni sasa: mtu amekufa amevunjwa moyo, na sisi bado tunahangaika na kifurushi!

Ndivyo tulivyo, ndugu zangu. Sisi hapa hapa. Tunashikana mikono, "amani, amani, mama fulani," na tumemla nyama juzi pale kwenye msiba, tukamlamba na mifupa. Akituuliza, "Kuna neno?" tunacheka na meno yote nje. Tunaiita heshima. Heshima gani hiyo ambayo mtaa mzima unayajua ya mtu, na mwenyewe ndiye wa mwisho kusikia, tena sokoni?

Pengine ameiba kweli. Basi mwambie, apate kutubu yeye. Pengine hakuiba. Basi mwulize, upate kutubu wewe. Lakini mfuate yeye, usipite kwa jirani.

Na usiseme utamtafuta kesho. Geuka. Yuko benchi la nyuma yako.