Nafasi Moja Kando ya Feruzi

Hapo zamani, Mungu awarehemu wote waliokuwapo, palikuwa na mji wa mawe kando ya mto. Waliouanza mji waliitwa wenyeji. Waliokimbia ukame wa bara wakaja kutafuta kazi waliitwa wakuja. Mkuja alikuwa mkuja, na mwanawe aliyezaliwa mjini alikuwa mkuja, na mjukuu wake vilevile, kwa sababu ya rangi yao tu.

Wakuja walifua nguo za wenyeji. Wakuja walichota maji ya wenyeji. Wakuja walichimba makaburi ya wenyeji. Lakini mkuja akifa alivushwa mto, akazikwa porini, mahali pasiposikika adhana, na masika yakija kaburi lake halionekani tena.

Katika wachimbaji alikuwapo Feruzi, na mwenzake Mabruki. Desturi yao ilikuwa hivi: kaburi huchimbwa na wawili. Mmoja hushuka, mmoja hubaki juu, na kazi ikiisha wa juu humvuta wa chini kwa mkono. Feruzi ndiye aliyeshuka. Mabruki ndiye aliyemvuta.

Alfajiri moja Feruzi akafa. Wakamwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakalibeba jeneza. Walipofika njia panda, mkewe Zuwena akatoka mbio, ingawa wanawake wa huko hawafuati jeneza, akasimama mbele yao.

"Shemeji, tupishe," alisema Mabruki. "Njia ya mtoni ni huku."

"Mtoni haendi. Makaburi ya mji ameyachimba yeye. Mpelekeni langoni."

Wakampeleka kwenye lango la makaburi. Wenyeji wakafunga lango. Zuwena akaketi mavumbini kando ya jeneza, wao wakimzomea: "Mwanamke gani wewe, unamwanika mumeo kama samaki?"

Alilia, lakini hakuondoka.

Asubuhi hiyohiyo tajiri mmoja mwenyeji naye akafa. Wazee wakasema, "Mabruki, lete jembe."

Mabruki akalilaza jembe chini. "Bwana zangu, leo sina wa kumvuta mkono."

Wachimbaji wenzake wakayalaza yao. Habari ikafika visimani, wachota maji wakatua mitungi. Ikafika mtoni, wafuaji wakaziacha nguo za watu juu ya mawe. Wote wakaja kuketi langoni. Askari wakampiga Mabruki mpaka bega likavunjika, na mkono ule haukushika jembe tena. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo akaja Bi Maimuna, mwenyeji wa ukoo mkubwa. Binti yake wa pekee alizikwa mle siku ya mvua, na Feruzi alivua kanzu yake akalifunika kaburi, maji yasimtangulie mtoto. Bi Maimuna akasema kwa sauti: "Sehemu ya makaburi niliyorithi, yote iliyobaki, ni wakfu kwa wakuja. Mashahidi ni ninyi na Mwenyezi Mungu."

Wakfu haukataliwi wala haurudi. Kadhi akainamisha kichwa, lango likafunguliwa. Feruzi akazikwa kabla jua halijatua, na tajiri naye akazikwa.

Tangu siku ile hakuna maiti aliyevushwa mto. Baadaye ikafunguliwa ardhi mpya, ambamo mwenyeji na mkuja hulala safu moja. Ile ya zamani ikajaa. Ikabaki nafasi moja tu katika wakfu wa Bi Maimuna, kati ya kaburi la binti yake na kaburi la Feruzi.

Miaka ikapita. Zuwena, Mabruki na Bi Maimuna wakazeeka, na kila mmoja akaitaka nafasi ile. Kadhi akawaita.

Zuwena akasema: "Mimi ni mkewe. Nisingeketi langoni, hata yeye asingekuwa mle. Kila nikilala naunyosha mkono upande wake wa kitanda. Nataka siku moja niunyoshe usirudi mtupu."

Mabruki akasema: "Shemeji, kuketi kwako peke yako kungekuwa kilio tu. Wao walifungua lango kwa sababu kazi ilisimama. Mama yangu tulimvusha mto mwaka wa kabla ya ule, na kaburi lake silijui. Sina mke, sina mtoto. Aliyekuwa wangu ni yule niliyemvuta mkono."

Bi Maimuna akasema: "Siku ile nilisema 'yote' kwa haraka, sikujibakishia pangu. Mwanangu ni yule pale. Nimemzaa, nimemzika, nimemngoja."

Mkuja mmoja akanong'ona, "Lakini Bi, wakfu ni wa wakuja. Wewe si mkuja."

"Ndugu zangu walinitenga kwa ajili yenu," akajibu. "Nimekula kwenu, nimesali nanyi, nimewalea watoto wenu. Niambieni, mtu hukaa miaka mingapi ndipo aitwe mwenzenu?"

Wakuja walilijua swali lile. Walilirithi kwa baba zao.

Mzee mmoja akajaribu kupunguza uzito: "Basi apewe atakayetangulia!"

"Loo!" akasema Zuwena. "Sasa mnataka tushindane kufa?"

Wakacheka, hata kadhi akacheka. Kisha akawauliza taratibu: "Yuko miongoni mwenu anayemwachia mwenzake?"

Zuwena akamtazama Mabruki, akaliona bega lake. Mabruki akamtazama Bi Maimuna. Bi Maimuna akamtazama Zuwena. Walipendana wale, msidhani. Kila mmoja akafungua mdomo kusema ndiyo, na kila mmoja akashindwa.

Haya, wenzangu. Kila mmoja wetu hapa ana wake aliyemtangulia, na anajua akifumba macho anatamani kulala karibu na nani. Aliyekataa njia ya mtoni, aliyelaza jembe, na aliyetoa pahali pake: semeni ninyi, nafasi ile ni ya nani?